Lami ikishapauka msisubiri mashimo: uzi wa kufunika barabara zetu za Nyanda za Juu Kusini

Mwana_Loleza

Wakuu, salaam. Wa Mbeya na Rungwe ndaga fijo, wa Iringa kamwene.

Kila msimu wa ukarabati ukifika malalamiko ni yale yale: "Wanamwaga lami juu ya lami, sisi huku hata kifusi hatuna." Mimi niko maabara ya vifaa vya barabara. Si msemaji wa TANROADS (wenye barabara kuu na za mikoa) wala TARURA (wenye za mitaa na vijijini), na sitamjibia mtu wa tenda. Msimamo wangu nautoa mapema ili mnaotaka kugombana muanze sasa: barabara inayostahili kufunikwa, yaani kuwekewa ngozi nyembamba mpya ya lami juu, ni ile ambayo mpita njia anaiona bado nzima. Ikishajaa mashimo, suala la kufunika limekwisha. Hapo unafumua na kujenga, na hela yake ni nyingine kabisa.

Kwanza lami inavyozeeka. Ikiwa mpya ina mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayoifanya ishike kokoto na kunyumbulika gari likipita. Joto na oksijeni vinayala polepole, yanageuka kuwa sehemu ngumu, lami inakakamaa. Sisi wa huku juu tuna nyongeza: mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mionzi hiyo haizami, inaunguza milimita chache za juu. Ndiyo maana ngozi nyembamba mpya inasaidia, kwa sababu kilichokufa mwanzoni ni juu tu.

Dalili zinakuja kwa mpangilio. Barabara inapauka, inakuwa ya kijivu. Kisha pembeni unaanza kuona mchanga mweusi umejikusanya, hiyo ni barabara yenyewe inaondoka chembe kwa chembe. Zinafuata kokoto kung'oka, halafu nyufa nyembamba. Mvua ya Desemba ikiingia kwenye nyufa hizo, lori likikanyaga linasukuma matope ya kahawia yatoke juu. Ukiona doa la matope kando ya ufa, kifusi cha chini kinaondoka. Shimo litafuata.

Kufunika kunafaa kati ya kupauka na zile nyufa nyembamba. Baada ya matope kutoka, hapana.

Karibuni.

Konda_Mstaafu

Mkuu umeeleza vizuri lakini mwambie hayo mama wa Itezi hapa Mbeya anayekula vumbi. Yeye anaona barabara nyeusi inapakwa rangi nyeusi. Siasa yake hiyo haiuziki.

Fundi_Boza

Konda, haiuziki kweli. Diwani akisimama aseme "tumeipa barabara nzuri miaka saba mingine" hakuna anayepiga makofi. Akisema "tumeziba mashimo" wanapiga vigelegele.

Kuna takwimu ya Benki ya Dunia ya 1988, watu wa barabara wengi wanaijua. Waliangalia nchi 85 zinazoendelea, wakakuta barabara zenye thamani ya dola bilioni 45 zimepotea kwa kukosa matengenezo, na hasara hiyo ingeweza kuzuiwa kwa dola bilioni 12. Sisi tulikuwa kwenye hali hiyo hiyo. Waliosafiri TANZAM, barabara kuu ya Dar hadi Zambia, miaka ya 80 wanajua, lami iliyowekwa mwishoni mwa miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70 ilikuwa imebaki visiwa.

Mhenga_Ipogolo

Nathibitisha. Madereva walikuwa wanaikimbia lami wanapita pembeni kwenye vumbi, maana pembeni kulikuwa laini kuliko barabarani. Vijana hamuwezi kuamini.

Lakini Mwana_Loleza hebu tofautisha hivyo vitu. Watu wanachanganya. Kuna kinachomwagwa na kokoto, kuna kinachopulizwa kama rangi, kuna kingine kinasambazwa kikiwa majimaji. Vyote vinaitwa "lami nyepesi" mtaani.

Mwana_Loleza

Shikamoo mzee. Sawa.

Kuna kupuliza peke yake. Ni emulsheni, yaani lami iliyotawanywa kwa matone madogo ndani ya maji, inaongezwa maji zaidi na kupulizwa nyembamba bila kokoto. Kazi yake ni kurudisha mafuta juu na kuziba vitundu vidogo. Inadumu muda mfupi, mwaka hadi mitatu hivi, na inafaa barabara ambayo bado haijapasuka ila imeanza kukauka. Hatari yake ni utelezi. Ukizidisha, kona inakuwa sabuni, kwa hiyo baada ya kupuliza mnanyunyiza mchanga mkavu na mnasubiri kabla ya kufungua magari.

Slari ni vumbi la kokoto, emulsheni, maji na saruji kidogo sana, inasambazwa kwa unene wa milimita chache. Inajaza sehemu zilizochubuka na uso unakuwa laini. Hii ndiyo naipendea mitaa ya mjini, kwa sababu haina kokoto za kurukaruka mbele ya maduka ya watu.

Lami nyepesi yenyewe sasa: unamwaga lami, unatandaza kokoto za saizi moja, unashindilia kwa rola ya matairi. Ikiwekwa mara moja juu ya barabara ya zamani ni kufunika. Ikiwekwa mara mbili juu ya tabaka jipya la kokoto ni ujenzi, ndivyo barabara nyingi za mikoani zilivyopatikana. Ikifanywa vizuri unategemea miaka sita, saba, hata kumi.

Na kuna kuziba nyufa moja moja, kazi ndogo ambayo hakuna anayeipigia picha. Kabla ya kufunika chochote, nyufa na viraka vinatangulia. Ukifunika juu ya shimo lililozibwa kwa udongo, umeficha tu.

Kuna nyingine ya Kinorwei inaitwa Otta, ilianza huko miaka ya 1963 hadi 1965, Botswana wameitumia sana. Uzuri wake haidai kokoto safi za saizi moja, hata changarawe ya asili iliyochekechwa inakubali, mradi lami iwe laini na rola ipite mara nyingi. Mwongozo wetu wa usanifu wa 1999 unayo. Kwa barabara za vijijini mbali na machimbo, ningependa kuiona zaidi.

Dereva_wa_Semi

Hizo kokoto zenu zimenipasulia kioo. Kuna mkandarasi alifunika kipande, akafungua magari siku hiyo hiyo, hakuna kibao, hakuna mtu wa bendera. Basi likanipita kama mshale, kokoto ikatua mbele ya uso wangu. Nikaenda kulalamika naambiwa "dereva punguza mwendo". Mwendo gani, mimi nilikuwa napanda mlima!

bodaboda_Soweto

Wewe kioo, sisi magoti. Kona yenye kokoto zilizolegea boda inalala bila kuuliza.

Mwana_Loleza

Poleni wote, na mna haki. Siku za kwanza magari yanatakiwa yatembee kilomita 40 kwa saa au chini, si kwa ajili ya usalama tu. Matairi ya mwendo mdogo yanazilaza kokoto na kuzizamisha kwenye lami. Ya mwendo mkali yanazing'oa. Halafu zilizobaki juu zinafagiliwa. Mkandarasi asiyefagia na asiyeweka vibao amefanya nusu ya kazi, hata kama lami yake ni nzuri.

Kokoto kuruka kwa wingi baada ya wiki kadhaa ni kesi nyingine. Hapo angalia mambo mawili: vumbi na kipimo. Kokoto yenye vumbi haishiki lami, inashika vumbi. Inatakiwa ioshwe au ipakwe lami kidogo kabla. Kiangazi cha Iringa na Mbarali kilivyo na upepo, rundo la kokoto likikaa pembeni ya barabara ya vumbi mwezi mzima, limeshachafuka tayari.

Kipimo sasa, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo hela inapotelea.

Emulsheni ya K1-60 ina lami asilimia 60. Kinachobaki ni maji na dawa ya kuifanya isigandane. Michoro ikisema lita 1 ya lami kwa mita ya mraba, emulsheni unayotakiwa kumwaga ni kama lita 1.67. Mtu akimwaga lita 1 ya emulsheni, barabarani imebaki lita 0.6. Kwa macho ya siku ile huoni tofauti, yote ni nyeusi. Mvua ya kwanza ndiyo inakuonyesha. Kupima ni rahisi: weka sinia lenye eneo unalolijua katikati ya njia ya boza, lile gari linalomwaga lami, lipime kabla na baada. Mhandisi mshauri asiyetembea na sinia na mzani mimi simwelewi anafanya nini pale.

Ukizidisha nayo ni balaa. Lami inapanda juu ya kokoto, siku ya jua inang'aa na kuteleza. Kwenye milima ni mbaya zaidi, malori yanapanda polepole, yanakaa muda mrefu juu ya lami moto, yanaikamua.

Fundi_Boza

Nakazia. Na pua za boza! Moja ikiziba unapata mstari mkavu urefu wote wa kazi. Ukiona barabara ina mistari ya kokoto zilizong'oka iliyonyooka kama imepigwa rula, usitafute mchawi, ni pua. Kila asubuhi tunatakiwa tuzijaribu juu ya karatasi kabla ya kuanza. Nasema tunatakiwa.

Mama_Lodge_Mafinga

Jamani samahani naingilia. Nina kipande cha lami kutoka barabarani hadi kwenye lodge yangu, kimepauka na kinatoa mchanga. Kuna fundi ameniambia ninunue oili chafu gereji nimwagie, itarudi nyeusi. Ni kweli?

Mwana_Loleza

Dada, usimwage. Itarudi nyeusi kweli, halafu italegea. Oili na dizeli zinayeyusha lami. Nenda pale malori yanapolala uone madoa laini yaliyochimbika chini ya injini, hiyo ndiyo kazi ya oili. Na itaingia kwenye mtaro, kisha bustanini kwako.

Kama kinatoa mchanga tu bila nyufa, kifagie kikauke, halafu kipulizwe emulsheni iliyochanganywa na maji, nusu kwa nusu. Kipande cha mita 100 kwa mita 4 ni mita za mraba 400. Ukipuliza nusu lita kwa mita ya mraba ni lita 200 za mchanganyiko, yaani emulsheni lita 100 tu. Pipa halifiki. Tandaza mchanga mkavu juu, zuia magari hadi rangi igeuke kutoka kahawia kuwa nyeusi na isinate kwenye kiatu. Chagua siku ya jua ya Septemba au Oktoba, usifanye Juni.

Mama_Lodge_Mafinga

Ahsante kaka, umeniokoa. Juni kwa nini isiwe? Si kiangazi?

Mwana_Loleza

Kiangazi ndiyo, ila baridi. Asubuhi za Juni na Julai Mbeya na Mafinga zinashuka chini ya nyuzi 10, na emulsheni kwenye baridi hiyo inachelewa mno kukatika, yaani lami kuachana na maji. Inabaki kahawia hadi mchana, jioni umande unashuka tena. Lami ya moto nayo inapoa kabla kokoto hazijazama.

Hapa ndipo kero yangu kubwa ilipo, wakuu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Tenda itangazwe, itathminiwe, mkataba usainiwe, mkandarasi akodi boza, kokoto ziletwe. Ukihesabu umefika Novemba, na Novemba mawingu yameshakaa juu ya mlima Loleza. Wanafunika kwenye manyunyu, lami inaoshwa kabla haijashika, halafu wananchi wanasema teknolojia mbovu. Dirisha letu ni Septemba, Oktoba, labda na wiki za mwisho za Agosti. Kazi za kufunika zilitakiwa ziandaliwe mwaka unaotangulia, kokoto zikiwa zimelundikwa na kufunikwa turubai, boza lianze Septemba mosi. Kazi za mitaro na vifusi ndizo zisubiri foleni ya karatasi.

Nyakyusa_Halisi

Huko kwenu mnasema Oktoba. Sisi Tukuyu mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, Iringa mjini hawafikishi hata nusu yake. Siku kavu mbili mfululizo tunazitangaza kanisani 😂. Barabara ya Uyole kwenda Kasumulu huku kwetu pembeni ina ukoka na ukungu wa kijani juu ya lami. Tufunike lini?

Mwana_Loleza

Kwenu dirisha ni dogo, ndiyo maana kwenu kazi ya kwanza ni mitaro. Nasema bila utani. Ule ukoka kwenye mabega ya barabara umepanda juu kuliko lami, maji hayatoki, yanakaa ukingoni yanapenya. Jembe na koleo kwenye mabega vitaipa barabara ya Rungwe miaka zaidi kuliko boza lolote. Kata mabega yashuke, zibua makalavati, kisha ndiyo ufunike ule ukungu wa kijani ukiwa umeshasuguliwa. Lami haikai juu ya ukungu.

Konda_Mstaafu

Sasa nauliza swali la uchokozi. TANZAM hapa kati, Igawa, Inyala, Uyole, Iwambi, mnafunika nini? Malori yamechimba mifereji miwili kama reli. Ukiwa na gari dogo usukani unajiendesha wenyewe.

Mwana_Loleza

Pale hufuniki. Ukimwaga ngozi ya milimita 10 juu ya mfereji wa sentimita kadhaa, unapata mfereji mweusi mpya. Pale ni kukwangua na kuweka lami nzito upya, na sehemu nyingine kufumua hadi chini. Ndiyo maana kipande cha Uyole hadi Ifisi kimeingizwa kwenye mradi wa njia nne.

Na tusilaumu lami peke yake. Uharibifu haupandi sawa na uzito. Mwongozo wetu unatumia ekseli ya kiwango ya kilo 8,160 na kipeo cha 4.5: gawa uzito wa ekseli kwa huo wa kiwango, kisha jibu lipandishe kwa kipeo hicho. Ekseli ya tani 10, ambayo ni halali ikiwa na matairi manne, inaharibu kama mara mbili na nusu ya ile ya kiwango. Ipakie tani 13, inakuwa mara nane. Kwa hiyo mtu anayevuka mizani ya Makambako kwa ujanja hajaiba tani tatu, ameiba miaka.

Dereva_wa_Semi

Haya sasa zamu yangu kusemwa. Tangu sheria ya Afrika Mashariki ianze kutumika 2019, mwisho tani 56, tunapimwa hadi tunachoka. Anayezidisha si dereva, ni mwenye mzigo. Lakini hesabu hiyo ya mara nane sikuijua, mkuu. Ningeambiwa mapema ningebishana na tajiri kwa namba.

Mhenga_Ipogolo

Mimi nina jambo moja linanikera. Mtaani kwetu kuna barabara haipitwi na lori hata moja, gari za watu wachache tu, na imepauka na kupasuka kabla ya barabara kuu. Hesabu ya ekseli inaielezaje?

Mwana_Loleza

Mzee umegusa kitu ambacho wengi hawakijui. Magari ya wastani yanaisaidia lami. Matairi yanaikanda, yanaziba vinyufa vidogo, yanaleta mafuta juu. Barabara isiyopitwa inakauka bila kukandwa, kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta Juni ya Makete. Angalia hata barabara kubwa: mabega na katikati, ambako matairi hayafiki, ndiko kunakopauka kwanza.

Kwa hiyo mitaa ya TARURA yenye lami na magari machache ndiyo wateja wazuri kabisa wa kupulizwa na slari. Muundo wa chini ni mzima kwa sababu hakuna mizigo, kilichokufa ni juu tu. Barabara ya kilomita 1 yenye upana wa mita 6 ni mita za mraba 6,000, mchanganyiko wa kupuliza ni kama lita 3,000, nusu yake maji. Ile shilingi 100 kwa lita ya mafuta iliyoongezwa 2021 kwa ajili ya TARURA, mimi ningekata kipande kidogo kila mwaka kwa kazi hii pekee, na kisiguswe kwa mashimo.

Konda_Mstaafu

Na Itezi?

Mwana_Loleza

Itezi bado inasubiri lami ya kwanza, mkuu, sikudanganyi. Ila angalia mtego wenyewe: kama mitaa yenye lami itaachwa ife, hela ya kuijenga upya itatoka kwenye mfuko huo huo ambao Itezi inausubiri. Kila mtaa unaookolewa kwa lita 3,000 ni mtaa ambao hautarudi kwenye foleni mbele yenu.

Konda_Mstaafu

Hapo umenishika kidogo. Kidogo tu.

Mtendaji_Kijiji

Nimekuwa msomaji tu. Wananchi wafanye nini wakiona kazi inaendelea? Wengi wanaogopa kuuliza, wanaambiwa hawana utaalamu.

Fundi_Boza

Maswali hayahitaji digrii. Mashimo yamezibwa kabla? Barabara imefagiwa hadi vumbi haliinuki? Kokoto ukizisugua mkononi zinaacha unga? Rola ya matairi inafuata boza mara moja au imeegeshwa kivulini dereva anakula? Kokoto zinatakiwa zitandazwe emulsheni ikiwa bado kahawia. Ikishakuwa nyeusi umechelewa, kokoto zinakaa juu kama wageni. Na muulizeni mhandisi mshauri sinia liko wapi. Mtamwona anavyobadilika sura.

Nyakyusa_Halisi

Kwetu wamesema wanaanza wiki ijayo, boza limeshaegeshwa karibu na soko la Tukuyu. Mabega hayajakatwa, na jana imenyesha saa nane hadi usiku. Nimwambie nani?

Mwana_Loleza

Kama ni barabara kuu au ya mkoa, ofisi ya meneja wa TANROADS wa mkoa, pale Mbeya. Kama ni mtaa, TARURA wilaya. Andika barua fupi kupitia mtendaji wako wa kata: mabega hayajakatwa, uso una ukungu wa kijani, mvua inanyesha mchana. Weka picha zenye tarehe. Usiandike kwamba mkandarasi ni mwizi, andika unachokiona tu. Na nakala mpe mhandisi mshauri mkononi, kwa sababu yeye ndiye mwenye mamlaka ya kusimamisha boza siku hiyo hiyo.

Nyakyusa_Halisi

Poa. Kesho asubuhi naipeleka, nitarudi na mrejesho.